Subaru STI yenye injini iliyofunguliwa: kununua au kuacha? Uchambuzi wa kisa

Ninakagua magari kwa niaba ya wanunuzi hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Gari nzuri, bei nzuri, ila injini imefunguliwa. Ninunue?" Naandika kisa kimoja kwa ukamilifu kwa sababu ndani yake mlikuwa na vipimo vilivyosema nunua na vipimo vilivyosema kimbia, vyote kutoka gari moja na asubuhi moja. Majina, namba ya gari na mitaa nimeviondoa. Bei nimezisogeza kidogo, ila tofauti kati ya bei moja na nyingine nimeiacha kama ilivyokuwa. Mnunuzi na muuzaji wote wawili wamekubali kisa kiandikwe.

Mnunuzi, muuzaji na gari

Mnunuzi ni mfamasia, mama wa watoto wawili, aliyekuwa ameendesha Forester ya turbo kwa miaka sita na kuihudumia mwenyewe kwa kiasi kikubwa. Hakuwa mgeni wa Subaru. Alijua zinakula oili, alijua kuangalia kijiti cha oili kila wikiendi, na alijua anachokitaka: Impreza WRX STI ya umbo la mwaka 2006, gia za mkono, iliyotoka Japani.

Mapenzi ya gari hili hayakuanzia kwenye mitandao. Afrika Mashariki tuliiona Impreza ikifanya kazi kwenye vumbi letu wenyewe: Colin McRae alishinda Safari Rally Kenya mwaka 1997 akiwa nayo, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Injini ya familia hiyo, EJ20, ilianza na Legacy mwaka 1989 na kudumu miaka thelathini; Subaru waliiaga kwa toleo la mwisho la magari 555 tu. Ni injini ya silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili kule, na bloku yake, yaani mwili wa injini, ni vipande viwili vinavyobanwa pamoja katikati. Jambo hilo la vipande viwili litarudi mbele.

Gari alilolipata lilikuwa namba D, yaani herufi zake za usajili zinaanza na D, likiwa na kilomita 148,000 kwenye dashibodi. Muuzaji alitaka milioni 27. Magari mawili ya umbo hilo ambayo injini haijawahi kufunguliwa yalikuwa yakiuzwa milioni 31 na milioni 33 wakati huohuo. Kuagiza jingine Japani hakukuwa na maana: gari la umri huo Mamlaka ya Mapato, TRA, wanaliongezea ushuru wa uchakavu, na ukiingiza tarakimu kwenye kikokotoo chao unaona mwenyewe kwamba kodi inakumeza kabla meli haijatia nanga. Ndiyo maana STI za zamani zinazunguka humuhumu ndani, kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na karibu kila moja ina historia ya injini.

Historia ya hili, kwa maneno ya dalali: "Dada'ngu, hii injini ni mpya kabisa. Imefunguliwa miezi minne iliyopita, haijatembea hata kilomita elfu mbili. Kuna mteja wa Arusha anakuja kesho na hela."

Ziara ya kwanza, jioni

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Nilipoweka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kuisha, ilikuwa ya moto. Gari lilikuwa limewashwa muda mrefu kabla yetu. Sikusema kitu kwa dalali, nikamwambia mnunuzi tu kwamba leo hatusikilizi injini, leo tunaangalia bodi, chesi na karatasi.

Bodi ilikuwa safi kupita nilivyotarajia. Reli za mbele chini ya boneti hazikuwa na dalili ya kunyooshwa, skrubu za mabawa zilikuwa na rangi yake ya kiwandani, chini hapakuwa na kutu wala uchomeleaji. Viti, difu, breki za Brembo, vyote vya asili. Magari haya wengi wameyagonga, wameyanyoosha na kuyapaka rangi upya. Kupata moja ambalo halijaguswa ni nadra, na nilimwona mnunuzi akilizunguka polepole, akipitisha mkono kwenye kingo za milango.

Kisha namba ya injini. Kwenye EJ20 imepigwa juu ya bloku, nyuma, karibu na pale inapoungana na gia boksi. Nilifuta grisi kwa kitambaa na brashi, nikalinganisha na kadi ya gari. Zilifanana. Maana yake bloku ni ileile iliyokuja na gari. Ilifunguliwa, haikubadilishwa kwa injini ya mtumba ya Forester. Watu wengi hutazama rangi nyekundu ya manifoldi juu ya injini wakaridhika kuwa ni STI halisi. Rangi hiyo mtu yeyote anaweza kuipaka mchana mmoja. Tazama namba.

Kilichobaki kilikuwa swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko vipimo vyote: ilifunguliwa kwa sababu gani? Muuzaji, mwanaume wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alijibu kwanza, "Ilikuwa sevisi kubwa tu." Mnunuzi hakumbishia. Alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Kaka, mimi Subaru nazijua, hakuna mtu anayefungua injini nzima kwa sevisi. Niambie tu, sitakukimbia kwa sababu hiyo." Yule bwana akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada yangu, nisikufiche. Iligonga. Natoka Dodoma, nimepita Morogoro, nikasikia kugonga chini. Nikaendelea mpaka Chalinze ndipo nikasimama."

Hapo kisa kilibadilika. Beringi ya konrodi ilikuwa imekufa, na gari lilikuwa limeendeshwa nayo ikiwa imekufa.

Kwa nini jibu hilo lilikuwa zito

Beringi ya konrodi ni kipande chembamba cha madini laini kinachokaa kati ya konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, na krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Haigusani na krenki moja kwa moja. Inaelea juu ya utando wa oili, kwenye mwanya usiofikia milimita 0.05. Oili ikipungua au presha ikishuka, utando unapasuka, chuma kinagusana na chuma, na beringi inasagika.

Unga wake hauendi nje. Unasombwa na oili na kusambazwa kila mahali oili inapofika: kwenye turbo, kwenye vichujio vidogo vilivyomo ndani ya boliti za bomba la oili, kwenye njia za ndani ya bloku, na kwenye kipozea oili kile kidogo kilichobanwa kati ya filta na bloku. Kipozea hicho ndani kina matabaka membamba kama kurasa za kitabu. Hukisafishi kwa petroli na hewa ya kompresa ukapona. Unakitupa na kuweka kingine. Usipofanya hivyo, injini mpya inawashwa siku ya kwanza na kunyweshwa unga wa injini ya zamani.

Tukaomba risiti. Muuzaji alizileta kwenye bahasha ya khaki, na nilimheshimu kwa hilo kwa sababu wengi hawana hata moja. Kulikuwa na ringi za pistoni, seti ya gasketi, beringi za krenki na konrodi za saizi ya 0.25 baada ya krenki kuchongwa, taimingi belti, oili na filta. Jumla karibu milioni 6 pamoja na ufundi. Hapakuwa na risiti ya pampu ya oili. Hapakuwa na ya kipozea oili. Turbo haikutajwa popote.

Asubuhi ya pili

Nilipanga tuje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mnunuzi alimpigia muuzaji usiku kumwomba asiliwashe gari. Hakuliwasha. Tulikubaliana mnunuzi atalipa shilingi 350,000 za ukaguzi, pamoja na oili na filta mpya nitakazoacha ndani ya gari, anunue asinunue. Hili la kuacha oili mpya limewahi kunifungulia milango mingi. Muuzaji anaona hata ukiondoka amepata kitu.

Nilichomoa kijiti cha oili. Usawa ulikuwa sawa, rangi nzuri, nzito. Muuzaji alisema fundi wake aliweka 20W-50. Kwa joto la Dar si kosa, lakini oili nzito hupandisha presha na hufunika sauti, kwa hiyo kila nitakachokisikia na kukipima lazima nikisome nikikumbuka hilo.

Gari likawashwa. Sekunde mbili za tak-tak-tak nyepesi, kisha ikatulia polepole kadiri joto lilivyopanda. Fundi aliyeifungua injini, ambaye alikuja kwa hiari yake, alisema, "Hiyo ni pistoni tu, mkuu. STI zote ziko hivyo zikiwa za baridi." Alisema kweli. Pistoni za injini hizi hucheza kidogo ndani ya silinda zikiwa za baridi, na sauti hiyo hufa injini ikipata moto. Beringi ya konrodi hufanya kinyume: hutulia ikiwa ya baridi kwa sababu oili ni nzito, na hujitokeza ikiwa ya moto, hasa pale unapoachia mafuta injini ikiwa kwenye mizunguko kama 2,500 au 3,000. Tulitoka nayo Barabara ya Bagamoyo kwa dakika arobaini, madirisha wazi, tukirudia zoezi hilo kando ya kuta ili sauti iturudie. Sikusikia kugonga.

Tukarudi, tukapima kampresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, kwa kipimo cha psi. 146, 148, 145, 147. Silinda nne, tofauti ya psi tatu tu. Fundi alitabasamu, dalali akapiga makofi, na mnunuzi akanitazama kwa macho yaliyokuwa yameshanunua. Nilimwelewa kabisa.

Lakini kampresheni inakueleza ringi, valvu na gasketi ya hedi. Beringi haiijui. Krenki inaweza kuwa inakaribia kuvunjika na kampresheni ikasoma vizuri kama injini iliyotoka kiwandani. Ndiyo maana kwenye injini iliyowahi kugonga sikubali kuishia hapo.

Nilifungua swichi ya presha ya oili nikafunga geji yangu ya mshale. Taa ya oili kwenye dashibodi haitoshi, huwaka presha ikiwa imekaribia sifuri, wakati ambapo madhara yameshatokea. Kiwango cha kiwanda kwa injini hizi ni karibu psi 14 oili ikiwa na nyuzi 80 na injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Sisi, kwa oili nzito ya 20W-50, tulipata 9.

Filta

Nililifungua filta la zamani, nikamwaga oili, nikalikata mdomo kwa mkasi wa bati na kutoa karatasi yake iliyokunjwa. Niliikata ukanda mmoja, nikaikamua kati ya vipande viwili vya mbao, nikaitandaza juu ya kipande cha boksi pale penye jua la saa tatu.

Karatasi ilimeta. Vimeta vidogo kama chenga za fedha zinazobaki kwenye vidole ukigusa karatasi ya zawadi. Nilipitisha sumaku chini ya boksi: vichache vilisogea, vingi havikusogea. Vile visivyofuata sumaku ndivyo vilivyonipa wasiwasi, kwa sababu madini laini ya beringi hayavutwi na sumaku.

Fundi alisema injini mpya lazima itoe chenga ikijizoesha. Ni kweli pia, ila muuzaji mwenyewe alikuwa ametuambia oili ilibadilishwa kwenye kilomita 500 na tena kwenye 1,000. Filta lile lilikuwa limekaa ndani kilomita kama 900 tu, baada ya kipindi cha kujizoesha kuwa kimepita. Halikutakiwa kuwa vile.

Na kitu kingine nilikiona nilipolala chini ya gari. Kwenye maungio ya vile vipande viwili vya bloku, gundi ya silikoni nyekundu ilikuwa imefura nje kama mshono uliovimba, unene wa kalamu ya risasi sehemu nyingine. Gundi ikitokeza nje kiasi hicho, imetokeza na ndani kiasi hichohicho. Huko ndani hukatika vipande, huanguka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuvutwa kwenye wavu wa bomba linalonyonya oili. Wavu ukizibwa nusu, presha inashuka.

Uamuzi na sababu zake

Nilimweleza mnunuzi pembeni, chini ya mwarobaini, bila muuzaji kusikia. Nilimwambia sina uhakika injini itakufa lini. Inaweza kwenda miezi sita, inaweza kufia Kibaha. Ninachojua ni kwamba chanzo cha ugonjwa wa kwanza hakikuondolewa, na kwamba ishara tatu, presha, filta na gundi, zinaelekea upande mmoja.

Ushauri wangu ulikuwa aache. Yeye aliona tofauti, na naandika hoja yake kwa sababu ilikuwa na akili. Alisema: "Kaka, injini inatengenezeka. Bodi iliyogongwa haitengenezeki ikarudi kama ilivyokuwa. Hizo mbili za milioni 31 na 33 nimeziona, moja imenyooshwa mbele, nyingine ina kutu. Mimi nanunua bodi, injini naihesabu imekufa."

Kwa hiyo tukapiga hesabu hivyo. Gari zima la aina hii ni milioni 31. Kuifungua injini upya, kwa utaratibu, nilikadiria milioni 9.5. Tukaongeza milioni 3 za usumbufu na yasiyoonekana. Ikabaki 18.5, na hiyo ikawa bei ambayo asingeivuka hata kwa shilingi.

Alimpa muuzaji milioni 16 na kumwonyesha kila kitu: karatasi ya filta, picha ya geji, mshono wa gundi. Hakumwita mwongo, na hakuwa mwongo. Mtu yule alilipa milioni 6 akiamini anatengenezewa injini, na alikuwa anauza kile alichoamini anacho. Alikasirika, lakini zaidi kwa fundi wake. Alikataa. Mteja wa Arusha hakutokea siku hiyo wala siku zilizofuata.

Wiki tatu baadaye muuzaji alipiga simu. Walikubaliana milioni 18.2. Mkataba wa mauziano uliandikwa mbele ya mwanasheria na ndani yake, kwa pendekezo la mnunuzi, kukawa na sentensi isemayo kwamba injini ina kasoro inayojulikana kwa pande zote mbili na bei imezingatia hilo. Sentensi hiyo ilimlinda muuzaji zaidi kuliko mnunuzi, na nadhani ndiyo iliyomfanya muuzaji akubali kushuka. Gari liliondoka kwake likiwa juu ya lori la kubebea magari. Mnunuzi hakuliendesha hata mita moja.

Matokeo

Injini ilifunguliwa kwenye karakana nyingine, nami nikiwapo. Beringi za konrodi ya 3 zilikuwa zimeshalika mpaka rangi ya shaba ilikuwa imeanza kuchungulia, baada ya kilomita zisizofika elfu mbili. Kipozea oili kilikuwa cha zamani. Tulipokikata kwa msumeno, kati ya matabaka yake mlikuwa na tope la kijivu linalometa. Kwenye wavu wa bomba la kunyonya oili kulikuwa na vipande vinne vya silikoni nyekundu, kimoja kikubwa kama ukucha wa kidole kidogo.

La krenki hatukulitegemea. Ilipopimwa kwa maikromita, shingo ya 3, pale inapokaa beringi ya konrodi hiyo, ilikuwa imechongwa ikiwa na unene usio sawa, upande mmoja ukizidi mwingine kwa milimita 0.03. Kwenye mwanya usiofikia 0.05, hiyo ni karibu nafasi yote. Hata kama wangebadilisha kipozea na kutumia gundi kidogo, beringi ile isingedumu.

Pistoni, hedi na bloku vilipona. Vilihitajika krenki ya saizi ya kawaida kutoka Japani, beringi, pampu ya oili, kipozea kipya, na katriji ya turbo, sehemu yake ya ndani inayozunguka, kwa sababu shafti yake ilikuwa na mikwaruzo. Bloku ilifunguliwa plagi zake zote za njia za oili na kusafishwa kwa brashi ndefu, tundu moja baada ya jingine, siku mbili nzima.

Gharama ilifika milioni 13.1, si 9.5. Kazi ilichukua miezi mitano, mitatu kati ya hiyo tukisubiri krenki. Ukijumlisha bei ya gari na ukaguzi, mnunuzi alitumia milioni 31.65. Ni zaidi ya bei ya lile la milioni 31 kwa kiasi kidogo, na miezi mitano ya kupanda bajaji kwenda kazini.

Tulipima presha siku ilipowashwa, oili ikiwa ya moto: psi 17, kwa oili nyepesi kuliko ile ya mwanzo. Filta tumelikata kwenye kilomita 500, 1,500 na 6,000. Lile la 500 lilikuwa na chenga chache za kawaida. La 6,000 lilikuwa karatasi tu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni namna mnunuzi alivyouliza. Geji na sumaku vilithibitisha, ila neno "iligonga" ndilo lililotuambia tupime nini. Kama tungebaki na "sevisi kubwa", huenda ningeishia kwenye kampresheni na kumpongeza. Muuzaji wa gari lililofunguliwa injini mara nyingi ana aibu kuliko hila, na mtu mwenye aibu hufunguka ukimwonyesha kuwa hutamdharau. Nimeona wanunuzi wengi wakianza na shutuma na kuondoka bila jibu.

Kuja asubuhi gari likiwa la baridi kulitupa kidogo kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa sauti tuliyoisikia ilikuwa ya kawaida kweli. Bado ningefanya hivyo tena. Kusikia pistoni ikicheza na kisha kutulia kulituondolea shaka moja, tukabaki na nyingine.

Kampresheni ndiyo iliyokuwa hatari zaidi pale. Tarakimu nne zinazofanana zina nguvu kubwa juu ya mtu anayetaka kununua, na fundi aliyeifanya kazi alizitumia kama cheti. Hakuwa anadanganya. Kazi yake ya ringi ilikuwa nzuri na tarakimu zilionyesha hivyo. Alichokosa ni mazoea ya kujiuliza kwa nini injini ya kwanza ilikufa. Aliletewa injini iliyogonga, akabadilisha kilichogonga. Mafundi wetu wengi hodari wanalipwa kwa kipande walichobadilisha, na mteja akiambiwa alipe siku mbili za kupiga brashi matundu ya bloku anaona anaibiwa. Muuzaji huyu aliniambia baadaye kwamba fundi alimtajia kipozea oili na pampu, naye akasema viachwe kwa sasa. Fundi naye hakusisitiza.

Hoja ya kununua bodi na kuihesabu injini imekufa ilikuwa sahihi kwa gari hili na kwa mtu huyu, na nilikosea kuipuuza haraka. Isingekuwa sahihi kwa mtu anayehitaji gari la kazini Jumatatu, wala kwa anayekopa, kwa sababu mkopo hausubiri krenki miezi mitatu. Ilihitaji bei ya juu iliyowekwa kabla ya kuzungumza na muuzaji, na mtu wa kuishika. Kwenye simu ya mwisho muuzaji alitaka 20, na mnunuzi alikaa kimya mpaka yule akashuka mwenyewe.

Kosa kubwa la kisa hiki ni langu, nalo ni lile kadirio la milioni 9.5. Nilijua beringi ilikufa ikiwa safarini na gari likaendelea mpaka Chalinze. Nilijua unga hufika kwenye turbo. Ndiyo sababu niliyompa mnunuzi ya kuogopa kipozea. Hata hivyo sikuweka katriji ya turbo kwenye hesabu, na hiyo peke yake ilikuwa milioni 1.4. Krenki niliihesabia kuchongwa tena kwa laki nne, wakati ilikuwa imeshachongwa mara moja na hakuna aliyekuwa ameipima. Krenki nyingine iliongeza milioni 1.7 juu ya hapo, na kuileta kwa ndege laki tano. Zile milioni 3 za usumbufu ziliisha zote na nyingine juu yake. Kama ningehesabu sawasawa, bei yake ya juu ingekuwa milioni 14.9, na kwa bei hiyo muuzaji asingeuza. Mnunuzi angelikosa gari analoliendesha leo kila siku, lakini angechagua akiwa na tarakimu za kweli mkononi, na hilo ndilo alilokuwa amenilipa nimpe.